Mshale Usio na Manyoya

Mjukuu wangu Omari,

Amani ya Mungu ikufikie huko Kanada kwenye baridi. Hapa Garissa tu wazima. Mto Tana umejaa, na shangazi yako amejifungua mapacha.

Unauliza kwa nini mishale ya upinde wako mpya wenye magurudumu kwenye ncha zake inayumba, na msimu wa kuwinda umekaribia. Magurudumu siyajui, lakini kuyumba nakujua.

Kabla hatujahamia mjini, tukiwa bado wawindaji wa msitu wa Boni, nilimposa nyanya yako. Kwa desturi yetu mchumba hupeleka nyama ukweni kwanza, na mishale yangu ilimkosa kila mnyama. Nikaiongezea manyoya mkiani ili iruke imenyooka.

Nyanya yako akaja kuangalia, akacheka. "Wewe, mama yangu atakula manyoya hayo?"

Akachukua mshale mmoja, akaunyonyoa wote. "Piga kichuguu kile, hapo karibu."

Mshale ulizama, mkia wake ukabaki umeinuka.

"Unaona? Manyoya yalikuwa yanaficha kosa la upinde."

Kwa kuwa mkia ulikuwa juu, nikashusha kidogo fundo la uzi wa upinde linaloshika mkia wa mshale, nikapiga. Nikashusha tena, nikapiga, mpaka mshale ukaingia umenyooka. Ndipo nikarudisha manyoya.

Nawe jaribu hivyo: badilisha kitu kimoja tu, kisha upige, utazame.

Swala niliyempeleka ukweni alikuwa mdogo, na mama mkwe alilisema hilo mbele ya watu wote. Lakini alimpika, akala, na ndiyo maana leo upo wa kuniuliza.

Babu yako akupendaye