Chipu Mliyoifunga

Kaka,

Huku tu wazima, paa limeacha kuvuja. Kile kifaa cha sikioni cha kumsaidia kusikia tulichomtengenezea mama, tukakubaliana mchoro wake uwe wazi kwa yeyote, kimeanza kupiga mluzi. Nimejaribu kuipanga upya chipu yake, ikakataa. Tangu ulipoiwekea programu ya kampuni yako, inatii ufunguo wenu tu. Nilipokuomba ufunguo ulinijibu, “Mdogo wangu, kazi ni kazi.”

Jumapili ulipopiga, mama aliishika simu weee, kisha akanirudishia.

“Huyu mtoto ana nini? Mbona haongei?”

Nikampazia sauti sikioni kwamba unamsalimu. Safari ijayo usipige, mwandikie. Kusoma bado anaweza bila ruhusa ya kampuni.

Mdogo wako,
niliyebaki na mama