Ulimwitaje Yule Mbwa, Mama Zuhura

Kwako Mama Zuhura, mke wangu, huko walikokulaza,

Nikukumbushe kwanza jambo ambalo Kariakoo nzima inalijua. Katika miaka yangu yote ya kutibu mbwa, hajazaliwa mbwa aliyenikataa. Mbwa wa magodauni, mbwa wa gereji za Gerezani wanaonuka grisi mpaka masikioni, mbwa wa matajiri wanaolala kwenye makochi, wote nilikuwa nikisema njoo, wanakuja.

Najua unaguna. Haya basi, wapo walionikataa. Wapo walioning'ata, na makovu matatu unayajua yalipo maana wewe ndiye uliyenipaka dawa, na moja liko mahali ambapo mwenyewe nisingelifikia. Wala sikuwa daktari. Nilikuwa mshika mbwa wa daktari, shule niliiacha darasa la sita, na sindano nilijifunza kwa kuchungulia begani kwa mzee yule mpaka macho yake yalipoanza kufifia akaniachia mkoba. Watu wakaniita Daktari na mimi sikuwasahihisha. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukisahihisha, tena mbele za wateja.

Lakini hao wote si kitu. Yupo mmoja ananikataa hivi sasa ninavyoandika. Amelala kwenye uchochoro nyuma ya jiko lako, kidevu juu ya miguu, ananitazama kama mtu anayemtazama kondakta asiyerudisha chenji. Huyo ndiye anayenifanya nishike kalamu.

Nyumba imeuzwa, mke wangu. Ile habari tuliyoidhani ni porojo za mwenye nyumba imekuwa kweli. Wanabomoa, wanapandisha ghorofa kama wenzao wote mtaa huu. Wapangaji wengine wameshahama, mabati ya kuzungushia yameshashushwa barazani pale ulipokuwa ukiuzia vitumbua, na mimi binti yetu Zuhura ananichukua kwake Ilala Jumamosi hii. Leo ni Jumatano. Mimi nina pa kwenda. Mbwa wako hataki kuondoka.

Nimeandika "mbwa wako", lakini kichwa bado hakijakubali.

Wewe. Mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hukuniruhusu kuvuka kizingiti cha mlango wa uani kabla hujanimwagia maji mara saba, moja kwa udongo. Mimi ni Mwislamu, sheria naijua, sikuikataa. Ila wewe ulikuwa nayo kama askari wa barabarani. Nikirudi kutoka kazini unanikuta mlangoni na ndoo, kopo na lile bati la udongo ulilokuwa ukilifunika kwa sahani iliyovunjika ukingo. Nanyoosha mikono kama mtuhumiwa.

"Leo umeshika nini?"

"Kuku tu, mke wangu. Kuku wa Mangi wa dukani."

"Na hapo kwenye kidole, kuku gani kakung'ata?"

"Kuku wa siku hizi."

Unaanza kuhesabu. Mimi nakuchanganya makusudi. Ukisema nne, nauliza eti bei ya mchele leo ilikuwaje, unajibu, kisha unasahau, unaanza tena moja. Siku nyingine nimeoshwa mara kumi na tisa kwa ujanja wangu mwenyewe. Wapangaji walikuwa wakitoka vyumbani kuja kutazama. Ulinuna, lakini kona ya mdomo ilikuwa ikikusaliti, na mimi kwa ajili ya kona hiyo ningekubali kuoshwa mpaka ngozi itoke.

Na kila baada ya muda ulikuwa ukinigombeza kwamba udongo unaisha upesi. "Unautumia kama unajenga." Nikaapa kwamba nautumia kiasi. Tuligombana kwa ajili ya udongo, Mama Zuhura, udongo ambao Mwenyezi Mungu ameujaza dunia nzima. Kumbe tulikuwa wawili tunaoutumia.

Nilivyojua ni hivi. Siku za msiba mbwa hakuonekana, nadhani aliogopa turubai na miguu ya watu. Arobaini ilipopita, watu wakatawanyika, nikabaki. Asubuhi moja sikwenda kijiweni, goti lilikuwa likiniuma. Saa nne nikasikia mtu anakwaruza mlango wa uani, kwa adabu, mara mbili tu. Nikafungua. Mbwa jike, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limechanika. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena, kama vile nimesimama mbele ya mtu anayemtafuta. Kisha akakaa.

Nikavuka kwenda dukani kwa Mangi kumwuliza mbwa huyu ni wa nani. Unamjua Mangi, Mchaga wa watu, maneno yake anayapima kama sukari.

"Mzee, si mbwa wenu huyo?"

"Wetu sisi na nani?"

"Wa bibi. Kila siku saa nne, wewe ukishaenda kwenye kahawa, anamtolea chakula. Dagaa alikuwa akichukua kwangu. Mwaka wa pili huu."

"Bibi gani?"

Mangi akaacha kufunga unga. "Mkeo, Mzee," akasema polepole, kama anavyosema na watu wanaotaka kukopa. "Mimi nilidhani unajua. Wewe si ndiye daktari?"

Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kigoda chako cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na hapo ndipo nilipomkumbuka mbuzi mwenyewe.

Yule mbuzi wa dada yako wa Buguruni. Unajua ninachosema, usijifanye umelala. Mwaka mzima umenitibisha mbuzi wa Buguruni kwa mdomo. "Baba Zuhura, mbuzi wa dada ana kidonda sikioni, kimeingia funza, apakwe nini?" Nikakuelekeza, nikakupa na ile dawa ya zambarau. "Baba Zuhura, mbuzi wa dada ana minyoo." Nikakupa vidonge. "Baba Zuhura, amechoka, amejaa tumbo, apewe nini?" Nikauliza anakula nini, ukasema wali na dagaa. Nikashtuka, nikasema mbuzi gani anakula dagaa, nawe ukanijibu bila kupepesa jicho kwamba mbuzi wa Buguruni wameshazoea maisha. Nami, mtu mzima na mkoba wangu, nikakubali. Hata nilikwenda kuwasimulia wenzangu kijiweni kwamba hali ya maisha imekuwa ngumu, mbuzi sasa wanakula samaki.

Nilimwuliza dada yako siku ya arobaini, huku bado sijui lolote, anaendeleaje na mbuzi wake. Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, pumzika kidogo," akasema, akaniletea maji. Alidhani ni majonzi.

Basi nimechanganyikiwa, na sisemi hivyo kwa kukutania. Mtu niliyeishi naye chumba kimoja, nikajua anakoroma upande gani, nikajua anaficha wapi pesa ya vitumbua na yeye akajua kwamba najua, alikuwa na mbwa. Nyuma ya mlango wa jiko nimekuta bati la pili la udongo. Dogo, la maziwa ya unga, ulilokuwa ukilijaza kutoka lile langu. Ulikuwa ukiosha mikono yako mwenyewe mara saba, peke yako, bila mtu wa kukuhesabia, kabla ya mimi kurudi kula. Sheria hukuivunja hata siku moja. Ulinivunja mimi tu.

Kwa nini hukuniambia? Swali hili nimelala nalo, nimekwenda nalo msikitini. Nilikasirika kwanza. Nikasema huyu mwanamke ameninyima kitu kimoja tu ambacho kwacho ningeweza kumfaa. Sijui hesabu, sijui kupika, paa likivuja namwita fundi, lakini mbwa najua. Ningemchanja. Ningemshona hilo sikio vizuri, lisingebaki kama jani la mgomba.

Halafu nikakikumbuka kile kijibwa cha Mangi. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mangi alinipa zawadi kwa kumzalisha mbwa wake wa dukani, nikakiingiza uani kimefungwa kwenye kanzu. Ukasimama katikati ya mlango, mwiko mkononi. "Chagua. Mimi au mbwa." Nikakirudisha siku ileile. Mpaka hapo hakuna ubaya, nyumba ni yako pia. Ubaya ni nilichofanya baadaye. Kisa kile nimekisimulia kijiweni miaka yote hii, na kila mwaka mwiko ulikuwa ukirefuka. Nilikuigiza sauti. Niliigiza unavyoshika kiuno. Watu ambao hawajawahi kukuona walikuwa wakipita barazani kununua vitumbua wanakwambia, "Mama, mimi au mbwa?" Nawe unawahesabia vitumbua vyao.

Ungekuja kuniambia umepata mbwa, ningefanya nini? Tusidanganyane, wewe ni maiti na mimi ni mzee. Ningecheka mpaka nikohoe. Ningefika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Kufikia alasiri Gerezani nzima ingejua.

Labda ndiyo sababu. Labda sivyo. Labda ulitaka tu kuwa na kitu kimoja ambacho mimi si mtaalamu wake. Nageuza hivi, nageuza vile, nashindwa. Nilizoea wewe ndiye unayeniambia ninachofikiri.

Sasa nikueleze hali ya mbwa, maana muda hautungoji. Anakula kwangu, lakini anakula kama mgeni, anaacha nusu na haniangalii. Nikimgusa anavumilia. Jumatatu nilikodi guta la mizigo, nikamfunga kamba, nikamfunika gunia, tukampeleka Ilala kwa Zuhura. Zuhura alimpokea vizuri, hata akamwekea boksi barazani. Jana asubuhi kamba ilikuwa imetafunwa. Nilirudi huku na goti langu nikamkuta mlangoni kwako, unyayo mmoja unatoka damu. Amekatiza Msimbazi peke yake, amevuka njia ya mwendokasi, yale mabasi hayapigi breki kwa ajili ya mbwa. Safari moja amepona. Mafundi wakianza kuangusha ukuta na yeye yupo hapa, ama ataangukiwa ama watamfukuza kwa mawe, na kila asubuhi saa nne atakuwa anarudi kwenye shimo kukutafuta.

Kazi yangu ilinifundisha jambo moja la uhakika, mengine yote nilikuwa nakisia. Kamba humhamisha mbwa kiwiliwili. Anayehama kweli ni aliyeitwa. Wateja waliohamia Kimara na Mbagala nilikuwa nikiwaambia, tembea naye kwa miguu, muite jina lake kila kona, akifika atajua kwamba amefika. Na jina lake mimi silijui.

Nimeuliza mtaa mzima. Mangi anasema ulikuwa unainama unamnong'oneza sikioni, lile zima, kisha unatazama kushoto na kulia kama mwizi. Hakuna aliyesikia. Nimejaribu Simba, nimejaribu Popi, Jimi, Tomi, majina yote ya mbwa wa Gerezani. Nimejaribu Kitumbua, nikaona ni kama nimepatia, kumbe alikuwa anamtazama nzi. Nimejaribu jina la mama yako, Mungu anisamehe. Nimejaribu jina la yule jirani uliyegombana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Mwishoni nikajaribu jina langu. Ilinichukua siku mbili kupata moyo wa kulitamka. Akapiga miayo. Nilifarijika, na nikaumia kidogo pia, sijui kwa nini.

Wiki ile ya mwisho wodini, siku uliyokunywa uji ukamaliza, ulinishika mkono wa shati. "Baba Zuhura, nikitoka hapa kuna jambo nitakwambia. Usinicheke." Nikasema sikucheki. Ukasema, "Utacheka." Ukaanza kucheka mwenyewe, nesi akaja akatunyamazisha. Hukutoka, na mimi jambo lile nikadhani ni habari ya pesa za vitumbua.

Kwa hiyo usiseme nakusumbua kaburini bure. Ni ahadi yako, na mtu wa pwani kama wewe hafi na ahadi ya mtani wake, hata kama sisi Wanyamwezi mnatuona wabeba mizigo tu. Sikuombi unieleze kwa nini. Hilo nitahangaika nalo mwenyewe, Ilala kuna muda mwingi. Mimi hulala kidogo baada ya adhuhuri, unajua, kwenye mkeka, upande wa dirishani. Pita hapo kabla ya Jumamosi. Usiniulize kama nimekula wala nani anafua shati langu. Niambie jina la mbwa tu, kwa sauti ya kawaida, maana sikio langu la kulia nalo siku hizi si la kunong'onezwa.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura