Mama Akiogeshwa

Kanyosha, Bujumbura
13 Novemba 2004

Mdogo wangu Amélie,

Amani ya Bwana ikukute hapo Kigoma, wewe na watoto. Kifua cha Valéry kimepoa? Sisi tunapumua, Mungu hajatuchoka. Risasi tunazisikia kwa mbali, milimani, na maharage yameota tena.

Barua yako ilifika. Umeniomba picha moja tu ya mama, hata iliyochakaa, maana watoto wanauliza bibi yao alifananaje, na wewe mwenyewe uso wake umeanza kukuponyoka. Nimekaa na barua hiyo wiki tatu. Picha zote ziliungua na nyumba, Julai ya mwaka jana, mabomu yalipoanguka huku. Lakini ilikuwapo moja. Nisikilize.

Tulipokimbilia uwanja wa kanisa, mama alikuwa amevimba miguu, hawezi kujimwagia maji. Kila asubuhi nilimwogesha nyuma ya mkeka, Orlane wangu akishika beseni. Unajua mama na wajukuu wa kike: alimwita Orlane mukeba, mke mwenza, eti amekuja kumnyang'anya mzee wetu, na mzee yuko kaburini! Siku moja akamwambia, we mukeba, acha kuchora miti, nichore mi, hivi hivi na maji yangu, watu waone mwanamke aliyezaa tisa. Tulicheka mpaka sabuni ikaanguka mchangani. Orlane akachora. Majuma mawili baadaye tukamzika mama.

Mwaka huu ulipoanza, Loïc, anayesimamia siberi moja mjini, duka la intaneti, alinakili michoro ya Orlane kwa mashine, wakaiweka kwenye mtandao wa wachoraji wa dunia nzima. Mtu wa Kanada akamsifu. Mtoto akatembea juma zima kama bibi harusi. Tukasema ni bahati nakala zimo humo, maana mvua ya Machi iliingia kwenye hema, karatasi zenyewe zikawa uji.

Kisha, mwezi wa saba, Caritas, mwenzangu wa kwaya, akaniuliza mbele ya akina mama wote kama ni kweli binti yangu anaonyesha mwanamke uchi kwenye intaneti. Ee Amélie, nilitamani ardhi inimeze.

Haikupita wiki, ukurasa wote wa Orlane ukafutwa. Orlane alisema mtandao ule una sheria ya uchi, mtu akilalamika wanafuta bila kuuliza. Mchoro wake wa maiti za barabarani ulikaa miezi sita, hakuna aliyelalamika. Alilia, akamlaani aliyemchongea, akidhani ni mzungu fulani.

Mdogo wangu, aliyemchongea ni mimi. Nilikwenda kwa Loïc peke yangu, nikamwambia awaandikie wenye mtandao. Alinisihi nitazame kwanza. Nikageuza uso, nikashika rozari, nikasema macho yangu hayatazami uchafu. Nilikuwa nawaza msichana wa baa. Mama katika kichwa changu hakuwa kamwe mwanamke uchi, alikuwa mama. Niliporudi kumshukuru, Loïc akaniambia taratibu: Mama Orlane, ni bibi kizee, anacheka, ana povu begani. Nikamwomba aurudishe. Akasema apana, hata kwenye mashine yake alishaifuta michoro yote kupata nafasi.

Mimi niliyemwogesha kila siku, Amélie, nilikataa kumtazama.

Sasa Orlane anataka kukuchorea upya. Anasema mabega yangu ni ya mama, nikikaa kwenye beseni na kitenge kiunoni, uso wa bibi utamrudia. Lakini siwezi kukaa mahali pa mama na uongo huu. Kesho baada ya misa nitamwambia kabla sijavua. Barua siifungi. Ukikuta mchoro ndani, ujue amenisamehe.

Wakumbatie watoto, uwaambie bibi yao alipenda kucheka. Usiache kutuombea, nasi hatukusahau kwenye rozari ya jioni.

Dada yako,
Dative

Jumapili. Nimemwambia. Nguvu ya kusema niliipata nikiwa nimeshakaa, mabega wazi, na penseli yake imeshaanza. Hakunifokea. Alinifunika kwa kitenge changu, akamwaga maji ya beseni, akaenda kulala kwa jirani yetu Mwanne. Usitafute kitu kingine ndani ya bahasha.