Wimbo wa Makasia kwenye Barabara ya Simi-Simi

Mangobo, Kisangani
Jumapili jioni

Papa mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote, wewe na dada Aurélie anayekusomea, pamoja na watoto wake ambao bila shaka wamekwisha kusogea kusikiliza ingawa hakuna aliyewaita. Natumaini barua hii inakukuta umelala vizuri, mguu hauumi sana, na mvua haijaingia tena ndani kwa ule upande wa jikoni. Mimi ni mzima. Neno hilo naliandika kwa kulikazia, Papa, kwa sababu Mama Fortunée alinikuta sokoni alipoleta samaki, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akashika mdomo. Na Mama Fortunée akinyamaza hapa, maana yake anakwenda kusema kule. Basi kama amefika Yanonge akitangaza kwamba Arthur amekwisha, mashavu yameingia ndani, suruali imefungwa kwa kamba, tafadhali msilie. Habari ya suruali ni kweli. Mengine hapana. Siumwi. Nimeanza kukimbia.

Aurélie, mwache acheke kwanza, halafu uendelee.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwa simu wewe hupaza sauti ukidhani Kisangani iko mbali sana, na mimi nikipaziwa sauti huitikia ndiyo kwa kila jambo, kisha nakata. Barua hii ina neno moja ambalo lazima likufikie zima, kwa hiyo nimeona nikae mezani niliandike taratibu.

Dada alinieleza hali yako. Tangu ile tension ya damu ilipokupiga na mguu wa kushoto ukawa mzito, daktari wa huko alikuomba utembee kidogo kila asubuhi, nawe ulimjibu kwamba mwanaume aliyepiga kasia mpaka Isangi na kurudi hawezi kujifunza kutembea kama mtoto mchanga mbele ya majirani. Tangu siku hiyo ni kitanda na kiti, kiti na kitanda. Hata ufukweni, ambako ni karibu hivyo, hushuki tena. Dada alikuwa akilia aliponiambia. Siandiki ili kukugombeza, mtoto hamgombezi baba yake. Lakini usiku huo sikulala, na kulipokucha niliogopa sana hivi kwamba nilikwenda mwenyewe kwenye kituo cha afya karibu na kazini ili na mimi nipimwe.

Muuguzi anaitwa Angèle. Alinifunga mkono, akapuliza kile kipimo, akakitazama, akanitazama mimi, akapuliza tena. Akasema kwa umri wangu tension haikupasa kuwa juu hivyo. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia mimi ni karani katika depo ya Mama Katungu, nakaa kutoka asubuhi mpaka jioni naandika magunia yanayoingia na magunia yanayotoka. Akauliza ninakula nini. Nilipofika kwenye lituma ya ndizi na mafuta ya mawese ya asubuhi alinyanyua mkono nisiendelee. Hakunipa dawa. Alisema niende kazini kwa miguu na nirudi kwa miguu, kisha akarudia, kwa miguu, maana aliona mimi ni mtu wa kurudiwa.

Sasa, Papa, unamjua mwanao. Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani na viatu vya michezo, nimeshika njia ya mjini. Sikuwa nimefika hata kwenye kona, toleka mmoja akasimamisha baiskeli yake pembeni yangu, akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, akasema, “Patron, panda, tokende!” Nikamwambia asante, natembea. Akaniuliza kama yeye ana ubaya gani. Nikasema hana ubaya. Akauliza kama kiti chake ni kichafu. Wenzake wawili wakasimama kusikiliza. Nikaona aibu, nikapanda. Nilifika kazini nimebebwa, nimekaa juu ya mto mwekundu wenye nyuzinyuzi, na viatu vyangu vya michezo vimening'inia. Kesho yake ikawa vilevile, na toleka mwingine. Nilijaribu kupita njia za nyuma, lakini huko kuna mbwa. Kwa ufupi, nilianza michezo yangu nikiwa natembezwa kwa baiskeli.

Aliyenikamata ni Mama Katungu mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa depo akisubiri lori la maharagwe, akaniona nikishuka. Ni mwanamke mkubwa, wa Butembo, sauti yake inafika kabla yake, na mimi namwogopa ingawa hajawahi kunitendea vibaya. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akauliza mbele ya wabeba mizigo wote: “Arthur, unavaa viatu vya footing, halafu unabebwa kama gunia ya chumvi?” Ilinibidi nieleze yote, tension, Angèle, toleka, mbwa. Akaacha kucheka. Akasema hata yeye amepimwa, hata yeye amekatazwa mafuta, na kwamba kuna kikundi kinachokimbia kila Jumamosi alfajiri kwenye barabara ya Simi-Simi, yeye amekwisha kujiandikisha, na Jumamosi inayokuja nitakuja naye. Hakuniuliza. Nikaitikia ndiyo.

Katika kikundi hakuna toleka anayekusumbua, hilo ni kweli. Lakini kuna Coach Dady. Dady anauza vipuri vya pikipiki, ana miguu myembamba kama ya ndege wa majini, na ndiye aliyekuwa akiimbisha. Maana huko, Papa, hawakimbii kimya. Mmoja anarusha wimbo, wote wanaitikia, na miguu inafuata maitikio. Ndiyo sheria yao kubwa: aliyeshika wimbo ndiye ameshika mwendo, hakuna ruhusa ya kumpita. Na Dady nyimbo zake ni za askari, fupifupi, tatata, tatata. Walio mbele wanaruka. Nyuma tulikuwa mimi, Mama Katungu, na akina mama kadhaa wenye shughuli zao sokoni, tumevaa fulana za bluu, tunahema. Dady alikuwa akigeuka na kutupigia kelele, “Wa nyuma, muko nalala?” Sisi hatukuwa na pumzi ya kumjibu. Kila Jumamosi walitusubiri mwisho wa barabara huku wamekwisha kupoa na kula mikate, na kila Jumamosi nilifika nikiwa nimeapa kwamba ni mara ya mwisho. Jumatatu Mama Katungu aliniuliza kama tuko pamoja. Nikaitikia ndiyo.

Halafu ikatokea Jumamosi ambayo Dady alikuja hana sauti. Alikuwa amekesha kwenye matanga ya mjomba wake akiimba. Tukaanza kukimbia kimya, na kimya ni kibaya, unasikia moyo wako mwenyewe. Mimi hofu ikanishika. Nikafikiri, sasa nitaanguka hapa, na habari itashuka mto mpaka kwa Papa. Ili nisianguke nikaanza kupanga pumzi zangu kwa kunong'ona, na kilichokuja mdomoni ni ule wimbo wako, ule wa kupandisha mtumbwi mkubwa ukiwa umejaa mihogo, unaouliza samaki mzee amelala wapi, na wapiga kasia wote wanajibu, chini, chini. Nilikuwa nanong'ona tu, Papa, naapa. Lakini Mama Katungu alikuwa pembeni yangu. Hajui lugha yetu, lakini wimbo akausikia unavyokwenda, na pale pa kujibu akajibu, kwa ile sauti yake. Chini, chini! Akina mama wa sokoni wakajibu. Nilitaka kunyamaza, akanipiga kiwiko. Nikauliza tena samaki amelala wapi, safari hii kwa sauti, na mstari mzima wa mbele ukaitikia na kukanyaga ardhi kwa pamoja, chini, chini, mpaka madereva wa pikipiki wakapunguza mwendo kututazama.

Sasa wimbo ule unaujua. Si wa haraka. Kasia linaingia, linavutwa, linapumzika. Basi mbio zote zikapungua. Wale wa mbele wakawa wanainua goti na kungojea neno. Dady akarudi nyuma amekasirika, na kwa ile sauti yake iliyokatika akauliza, “Bon, ii iko footing ao iko matanga? Kama iko matanga, mufu iko wapi?” Mama Katungu akamjibu huku anaendelea: “Mufu ilikuwa mie, Dady, kila samedi. Leo nimefufuka!” Watu walicheka mpaka wakakosa kuitikia, ikabidi nianze wimbo upya. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulifika wote pamoja, na mikate ilikuwa bado ya moto.

Tangu hapo tumeelewana. Kwenda ni Dady, kurudi ni mimi. Mimi, Papa, ninayetetemeka nikiitwa na bosi, natangulia mbele ya watu wengi hivyo na wananijibu. Nimewafundisha wa samaki, wa kuvuka mto penye upepo, na ule wa kuwacheka watu wa ng'ambo, ingawa maneno mengine niliyaruka kwa adabu. Angèle amenipima tena, kipimo kimeshuka, akanipa mkono kama mwanaume. Na toleka wa kona yetu sasa ananisalimia bila kusimama. Juzi aliniomba nimwandikishe mke wake.

Lakini nyimbo ninazojua zimekwisha, na hapo ndipo lilipo neno nililokuwa nalizunguka.

Waliniuliza nimezitoa wapi. Nikasema ni za baba yangu, yeye ndiye aliyekaa mbele ya mtumbwi na kushika wimbo, watu wengi wakivuta nyuma yake. Wakauliza kama bado yuko hai. Nikasema yuko. Wakauliza kama bado ana nguvu. Papa, hapo nilikuona kwenye kile kiti. Sikuweza kuwaambia. Nikasema kila asubuhi anatembea mpaka ufukweni na fimbo yake, anaimba, na majirani wanamfuata. Sijui yale maneno yalitoka wapi, ila yalipotoka yalinifurahisha sana, nikaongeza hata watoto wanaokimbia nyuma yako. Mama Katungu akapiga makofi. Akasema ana mzigo wa mchele wa kuchukua Yanonge, boti ya baleinière inashuka mwisho wa mwezi, basi kikundi kizima kitapanda, kitalala Yanonge, na alfajiri ya Jumapili, kabla ya misa, kitafanya footing nyuma ya Papa Arthur mwenyewe. Wamekuita kwa jina langu, usikasirike. Nami nilifanya ninavyofanya siku zote. Nikaitikia ndiyo.

Nimekaa na jambo hili moyoni muda wote huu nikitafuta namna ya kulizuia. Ijumaa nikashindwa. Nilimfuata Mama Katungu ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli: baba yangu hatembei, mguu umekataa, na hata fimbo hana. Nilingoja anifukuze. Akaniuliza kama sauti nayo imekataa. Nikamjibu hapana, Aurélie anasema unawagombeza watu mpaka ng'ambo wanasikia. Basi, akasema, shida iko wapi? Yule mzee ataanza wimbo kwenye kiti chake. Akisimama, tunasimama. Akivuta hatua, tunavuta hatua. Akiishia kwenye mlango wa jirani, footing ya siku hiyo imeishia kwenye mlango wa jirani, na Dady atakaa nyuma na miguu yake ya ndege, maana sheria ni sheria.

Nilirudi mezani kwangu nikalia juu ya hesabu ya magunia ya sukari.

Papa, nilipowadanganya watu sikuwa nawaogopa. Nilikuwa naeleza ninachotaka kukiona. Nisamehe kwa kukitangaza kabla ya kukuomba. Kama hutaki, mwambie Mama Fortunée anapopanda mto kuja huku, naye ataniambia, nami nitawaeleza mwenyewe kwamba tunakuja kula samaki na kusalimia tu. Nitaogopa, lakini nitasema. Hili nalo nimelijifunza barabarani.

Aurélie, mtafutie fimbo, lakini usimpe. Iache tu karibu na kiti.

Wasalimie majirani wote, wasalimie watoto, na mwambieni Mama Fortunée nimemsamehe kabla hajakosa. Mungu awalinde, na mto uwaletee cha kuweka sufuriani. Tutakuwa wengi na tutakuja na njaa, mchele uwe juu yetu.

Na kama unataka, Papa, usijibu mengi. Niambie tu utaanza na wimbo gani, ili niwafundishe mapema pa kuitikia.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Arthur