Pelagia wa Bi Kheiria

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi kule kanisani Ghala, hapa Maskati: mimi, mume wangu Selestine na binti yetu Pelagia mwenye usingizi. Padri alipompaka majivu mtoto akapiga chafya — watu wakacheka, hata padri mwenyewe. Tukarudi Ansab mbio. Selestine akadaka basi la kampuni kwenda ghalani kwao Rusayl. Mimi nikamwacha mtoto kwa Bi Kheiria wa ghorofa ya chini, nikakimbilia klinikini Azaiba kudeki.

Jioni Selestine ndiye aliyemfuata. Akapanda naye ngazi. Paji la uso safi! Linang'aa mafuta ya nazi. Na macho yamepakwa wanja mpaka pembeni.

Kumbe Bi Kheiria kaona uchafu. Kachukua kitambaa na maji ya moto, kasugua. Kamwambia Selestine mtoto wa watu kaja na masizi usoni asubuhi yote ile, jiko gani hilo mnalopikia? Majivu yangu mimi yalikuwa chini ya kitambaa cha kazi, hakuyaona. Kisha akaongeza kwa furaha: Reem kala vizuri leo.

Mimi nilicheka. Nilikosea. Selestine hakucheka. Anasema kwanza jina, sasa majivu. Kesho watamfuta nini?

Alhamisi, 6 Machi

Reem ni jina alilompa Bi Kheiria siku ya kwanza, mwaka jana. Anasema Pelagia ni jina la mtu mzima mwenye meno yote. Nikadhani ni utani, utaisha. Haukuisha. Mtoto ana miaka mitatu na nusu, ukiita Reem anaitika.

Lakini ni huyu huyu aliyemwogesha siku nina homa. Mwomani, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Hataki malipo. Nikimpelekea ndizi ananipa sahani imejaa.

Usiku huu Selestine kaja na neno. Conjesta, yule wa kwetu Muleba anayefanya kazi za ndani Azaiba, kamaliza mkataba. Anaondoka Jumapili tarehe 16. Aende na Pelagia, mtoto akakae kwa mama mkwe wangu mpaka aanze shule. Atajua kwao. Atajua kusali. Akasema: "Nikifa kesho, mwanangu atanililia kwa jina gani?"

Nilikuwa nimesimama tangu saa mbili asubuhi. Miguu imevimba. Nikasema haya. Haya ya mtu anayetaka kulala tu.

Ijumaa, 7 Machi

Tiketi kakata! Leo asubuhi, kwa simu, kabla sijaamka. Anasema si ulikubali?

Misa. Huku siku ya mapumziko ni Ijumaa. Baada ya misa tukasimama kwenye kivuli cha magari kama kawaida, wanawake. Ramadhani, hakuna anayethubutu kunywa maji nje. Anjelina wa saluni anasema mpeleke, huku mtoto anakua hana kwao, si Mhaya si Mwarabu, akifika nyumbani anaogopa kuku. Mama mmoja wa Kenya akamjia juu: kwao mtoto ni pale mama yake alipo, hayo mengine ni mapambo. Wakabishana — dini, shule, joto, chakula. Kila mtu ana mtoto wake kichwani, wengi wao hawako hapa.

Conjesta alikuwa anamfunga Pelagia kifungo cha gauni. Hakuinua uso. Mtoto wake mwenyewe alimwacha ana miaka miwili, sasa ana saba. Anamwita shangazi.

"Watu wananiambia hongera, unarudi kwa mwanao," akasema. "Mimi nakwenda kujitambulisha."

Anjelina akasema ah, Conjesta, usimtishe mwenzio. Conjesta akasema hamtishi, atamshika mkono njia nzima, hatamwachia hata chooni.

Najua hatamwachia. Ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshuka kwa Bi Kheiria. Maneno nimeyapanga ngazi nzima. Nikamkuta jikoni, Pelagia kasimama juu ya stuli na kijiko mdomoni. Mwezi huu hiyo ndiyo kazi yake. Wakubwa wote wamefunga, kwa hiyo yeye ndiye anayesema kama mchuzi umekolea chumvi. Anasema "bado" kwa madaha, kama mpishi wa hoteli.

Nikasema yote. Kwa upole, lakini yote. Yale hayakuwa masizi, ni ibada yetu. Na mtoto ana jina lake, ni la bibi yake mzaa baba.

Bi Kheiria akapunguza moto. "Ya Rabbi! Nimefuta ibada ya watu nami nimefunga! Na wewe, mwanangu, kwa nini hukunambia palepale asubuhi?"

Kweli. Kwa nini? Nilikuwa nakimbilia kazini. Kila kitu mwaka huu nimekiacha mlangoni kwa watu nikikimbia.

Jina akalijaribu. "Pe-la-ji-a. Jina zito hili kwa mtu mwenye kiu." Raghad, mjukuu wake wa miaka saba, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Pelagia naye akacheka, hajui anachekwa nani.

Habari ya tiketi sikumwambia. Nilishindwa.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemwambia. Alikuwa anakunja sambusa. Hakuacha kukunja.

Akauliza: "Nani ataonja chumvi?"

Nikadhani ni mzaha, nikatabasamu. Hakuwa na mzaha.

Kisha akasema, kama anayesimulia habari za jirani: "Miye nililetwa Maskati nna miaka minne, na khaloo yangu, dada'ke mama. Mama kanambia we tangulia, nnakuja nyuma yako. Kaja nishaolewa! Tukapeana mikono pale mlangoni. Ahlan, ahlan. Utadhani kaja kuuza vitambaa."

Nikauliza, ulimkasirikia? Akasema hapana, kwani alikuwa mwanamke mzuri tu, mpole, nikampikia. Kisha akaniambia nisisimame bure, nimpe ule unga wa kugandishia.

Nimepanda ngazi nikiwa nimebeba sambusa kumi na mbili.

Jumatano, 12 Machi

Selestine kaleta barua ya ruhusa. Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande mwingine. Sisi wazazi tunakubali mtoto wetu asafiri na mwanamke aitwaye Conjesta. Bila sahihi mbili hawampitishi. Yake ipo tayari, kaandika jina lote, herufi nzuri za shule.

Nimemwambia mikono yangu ina jiki. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Sijatia sahihi. Nimefua nguo zake zote. Hata zilizo safi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nusu ya Ramadhani, karankasho. Baada ya futari watoto wanavaa vizuri, wanapita mlango kwa mlango na vikapu, wanaimba, wanapewa pipi na karanga. Bi Kheiria kamshonea Pelagia gauni la kijani na mtandio wenye nyuzi za dhahabu. Kalishona tangu Shaabani, kabla ya majivu, kabla ya yote.

Selestine alikuwa ameshasema hapana. Nikamwambia Baba Pelagia, umekwisha kunichukulia Jumapili, Ijumaa niachie. Akanitazama. Sijawahi kumwambia hivyo. Akasema fanya unavyotaka.

Nikamshusha mtoto kwa Bi Kheiria, nikarudi kukaa na Selestine ndani. Mara hodi! Watoto kama tisa mlangoni, wanagonga mawe, wanaimba. Selestine kafungua mwenyewe na bakuli la pipi — alizinunua lini? Anagawa mmoja mmoja. Akafika kwa kale ka mwisho, kenye wanja na mtandio umeshuka hadi kwenye pua. Akakapa pipi. Akataka kufunga mlango.

Hakumjua!

"Baba," kakasema.

Selestine akachuchumaa. Akainua mtandio. "We nani?" Kwa utani, lakini sauti ilikuwa imekauka.

Pelagia akamgeukia Bi Kheiria aliyekuwa kwenye ngazi. Bi Kheiria akamnyooshea kidole: sema. Ni wazi walifanya mazoezi.

"Reem Pelagia Selestine!" Kwa kelele, jengo zima.

Selestine alicheka. Naapa, alicheka, akamwongezea konzi nzima ya pipi. Bi Kheiria akasema, "Umeona baba'ke, nshajifunza, ila na miye nibakishie kidogo."

Mlango ulipofungwa Selestine akakaa kwenye kochi, bakuli tupu mapajani. Nikasubiri. Nikadhani sasa atasema basi, abaki.

Akasema: "Nimempita mwanangu mwenyewe mlangoni. Umeona? Ndiyo maana lazima aende."

Jambo lilelile! Mimi limenionyesha kinyume kabisa. Tumelala migongo imegeukiana.

Jumamosi, 15 Machi

Begi. Gauni la kijani Selestine mwenyewe kaliweka juu, nikaliona, sikulitoa. Pelagia anauliza Muleba kuna Raghad? Hakuna. Kuna stuli? Ipo. Basi sawa, anasema.

Nilijaribu kuzungumza na Selestine. Nikamwambia nilisema haya kwa uchovu. Akasema na mimi nimechoka, Mama Pelagia, nani hajachoka? Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia kusali nitamfundisha mimi, kila jioni. Akauliza saa ngapi, unarudi saa ngapi?

Barua bado iko chini ya Biblia.

Jumapili, 16 Machi

Saa nane mchana. Tunatakiwa uwanja wa ndege saa tisa. Conjesta yuko chini kwenye teksi, keshapiga simu mara mbili. Pelagia yuko kwa Bi Kheiria, futari imeanza kupikwa. Madirisha yako wazi, namsikia kabisa. Anasema "bado." "Bado." Tena "bado." "Bado." Mchuzi gani unaoongezwa chumvi mara nne? Bi Kheiria utaiua familia.

Nimejifungia chumbani. Barua iko hapa, chini ya kiwiko changu. Sahihi ya Selestine ile nzuri ipo. Pembeni mstari mtupu, mfupi, unatosha jina langu tu.

Selestine kagonga. Kwa upole. Sikuutegemea huo upole.

"Mama Pelagia. Umeshasaini?"

Nimemjibu natafuta kalamu, na hii ninayoandikia iko mkononi.

Hakugonga tena. Kasema basi ngoja na mimi niangalie huku sebuleni. Namsikia anafungua droo ya meza ya tivii, ndimo zinamokaa kalamu. Anafunga. Anafungua nyingine. Anafunga. Conjesta anapiga honi chini. Kafungua ile ya kwanza tena.