Kichupa cha Baba

4 Machi

Mwanangu kipenzi,
Salamu tele. Sisi wazima, baba yako na kikohozi chake kilekile. Hujambo huko? Hapa muuza mkaa kaoa tena. Bibi harusi kaniletea magauni nimpunguzie, nikamwambia apange foleni, maana hata langu nalipunguza, mara ya pili hii. Wenye wivu wanasema naumwa. Daktari kasema minyoo tu, kanipa dawa. Kula vizuri, usiige watu wa mjini.
Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,
Mimi mzima, kazi zinakwenda. Baba kanipigia. Anasema giza likiingia unapapasa ukuta, na uzi kwenye sindano anakutungia yeye. Dawa umemeza mara mbili na bado unakonda. Daktari alikuuliza nini kuhusu choo, na wewe ukamjibu nini? Usinifiche.
Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu,
Nashukuru u mzima. Haya nayasema mara moja tu, halafu karatasi hii uichome. Choo changu kinaelea. Kina mafuta, kinanuka, namwaga maji ndoo kwa ndoo wapangaji wenzangu wasijue. Mimi huyu, ninayejua chumba kipi kimelala na njaa. Daktari aliponiuliza nikasema kawaida tu. Akanipa kichupa nipeleke maabara, na yule dada wa maabara ni mteja wangu, namshonea sare. Ningemtazama vipi nikimpima kiuno? Basi nikamdanganya baba yako kwamba na yeye anatakiwa apimwe, nikapeleka cha kwake. Minyoo ile ni yake, mwanangu. Mimi nimemeza dawa za mume. Uso sina.
Mama yako

11 Aprili

Shikamoo mama,
Habari za hapo? Nimecheka kidogo, kisha nimelia. Daktari anatibu tumbo la baba ndani ya mwili wako. Rudi kwake, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Macho yakienda, cherehani utaikanyagia nini? Na baba naye apewe dawa yake.
Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,
Marahaba, sisi tunapumua. Baba yako kameza dawa, kaninunia mpaka Ijumaa. Nimeenda. Nikafumba macho, nikamwaga yote, na unajua sauti yangu. Daktari hakucheka. Anasema huenda utumbo haunyonyi chakula, napitisha tu kama bomba, ndiyo maana damu imepungua na macho yamekosa vitamini. Anashuku ngano. Lakini mkate nisiuache kwanza, mpaka wanipime damu na kuteremsha kamera tumboni, la sivyo ugonjwa utajificha. Vitamini nimeshaanza.

Kutoka, kumbe mlango ulikuwa wazi. Foleni nzima wamesikia, wananitazama miguu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatembea mpaka getini bila kumsalimia mtu, mimi. Hapo mwanamke mmoja akanifuata, akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Dada, na changu kinaelea. Mwaka wa pili."

Nikamrudisha mpaka mlangoni kwa daktari, nikaufunga mwenyewe, nikauegemea hadi alipomaliza.

Mtaa mzima unaniuliza alikuwa nani. Na wewe usiniulize.
Mama yako