Sehemu Moja ya Nane ya Kura Yangu

Strathluine,
Jumatano, 11 Mei.

Dada yangu mpenzi Ishbel,

Natumaini barua hii itakukuta goti limepona na unatembea bila mkongojo, na kwamba shemeji Callum na watoto ni wazima huko Dunedin, ambako mnaingia kwenye baridi wakati sisi ndiyo kwanza tunavua makoti. Sisi hapa hatujambo kwa mwili. Baba mdogo Wattie anakohoa kama kawaida yake, na mbwa wake naye siku hizi anakohoa kama yeye.

Kwanza nikushukuru kwa blanketi. Lilifika juma la pili baada ya harusi na ndilo tunalojifunika mimi na Struan. Dada, ni wiki ya sita leo tangu niitwe Bibi Weir, na bado nikiitwa dukani hugeuka kumtafuta mama mkwe. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Asubuhi Struan huamka kabla yangu, huwasha jiko, huniletea chai kitandani pamoja na mkate uliokaangwa upande mmoja tu kwa sababu aliwahi kunisikia nikisema naupenda hivyo. Nguo zake zina harufu ya mbao. Akiwa kazini mimi huingia karakana yake na kunusa kazi aliyoiacha jana. Usicheke. Ulipoolewa wewe uliniandikia kurasa nne kuhusu masikio ya Callum.

Sasa nikupe habari za uchaguzi, maana najua umesikia nusu nusu, na hata sisi tuliokuwepo tumeelewa nusu nusu.

Unakumbuka Struan aligombea udiwani kwa ajili ya basi la hospitali, lile lililofutwa mwaka juzi, mama yake akawa anasubiri kubebwa na majirani kama gunia la viazi. Walikuwa wagombea wanne kwa viti vitatu. Wa kwanza kwenye karatasi alikuwa Nan Dalgleish. Ndiye yule yule Nan aliyetupikia shuleni, sasa ana miaka sabini na moja, na amegombea ili bwawa la kuogelea lisifungwe. Akafuata Gilmour, ambaye amekuwa diwani tangu tukiwa wadogo. Halafu Alasdair Rankine mwenye kondoo, anayetaka jengo la bwawa liuzwe. Mwisho kabisa, chini pale ambapo macho ya wazee hayafiki, Struan Weir. Majina hupangwa kwa alfabeti. Baba mdogo Wattie alisema siku ya harusi, mbele ya watu, kwamba kama Struan angekuwa na akili angechukua jina letu yeye, awe Struan Affleck, akae juu ya wote kama jogoo kwenye paa. Watu walicheka, na baba mkwe Dougal alicheka nusu.

Basi Alhamisi tukapiga kura, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa zile penseli zilizofungwa kamba. Unaandika moja kwa unayemtaka zaidi, mbili kwa anayemfuata, na kuendelea ukipenda. Mji mzima ulikuwa ukisema Struan ameshapita. Mwuza nyama alisema. Posta walisema. Hata mchungaji alimpa mkono akamwita Mheshimiwa, na Struan akawa mwekundu mpaka shingoni, akapendeza mno.

Ijumaa tukaenda mjini kwenye hesabu. Ni ukumbi mkubwa wa michezo, na kura husomwa na mashine. Niliketi kati ya mama mkwe na baba mdogo Wattie, nimevaa gauni langu la kijani. Kwenye kioo kikubwa yakatokea matokeo ya kwanza. Nan Dalgleish, mia sita na tisini. Gilmour, mia sita hamsini na tano. Rankine, mia tano thelathini na tatu. Struan wangu, mia tano ishirini na tano.

Mama mkwe akaanza kutafuta mkoba wake ili tuondoke. Jirani mmoja tuliyekwenda naye akamshika mkono akamwambia, kaa chini Jessie, hiyo ni raundi ya kwanza tu. Mtu akifika kura mia sita na moja ameingia, kwa hiyo Nan na Gilmour walikuwa wameshaingia, na sasa kiti kimoja kinagombewa na wawili. Kura za Nan zilizozidi ndizo zitagawiwa. Baba mkwe akauliza zinagawiwaje, kwani wanajuaje zipi ndizo zilizozidi. Jirani akasema hawachagui, wanazichukua zote mia sita na tisini, ila kila moja sasa ina thamani ndogo. Baba mkwe akasema hajawahi kusikia mtu mzima akigeuzwa kuwa sehemu ya mtu. Jirani akamwambia basi Dougal hujawahi kujiona unavyopungua ukisimama karibu na mkeo akinunua kapeti.

Namba zikabadilika. Rankine mia tano hamsini na nane nukta saba tisa sita. Struan mia tano hamsini na nane nukta tano tatu nne nane. Nikaona ya Struan ndefu zaidi, nikadhani ndefu ndiyo kubwa, nikaruka nikambusu mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Struan akanishika kiuno akaninong'oneza kwamba bado yuko nyuma, lakini nisiache.

Halafu zikagawiwa zilizozidi za Gilmour. Rankine mia tano sabini na tisa nukta nne. Struan mia tano sabini na tisa nukta sifuri sita. Hakukuwa na kura nyingine za kugawa, na aliye juu ndiye anayeingia hata asipofika mia sita na moja. Dada, mume wangu amekosa kiti kwa theluthi moja ya kura. Waliomba mashine isome upya, ikasoma, ikatoa ileile. Baba mkwe akamfuata kijana wa mashine akamwomba amwonyeshe huyo mtu wa theluthi, amwone kwa macho. Yule kijana akasema, mzee, hata mimi sijawahi kumwona.

Struan alimpa Rankine mkono vizuri. Akambusu Nan shavuni. Nan alikuwa akilia, akisema hakukusudia. Kwenye gari, tulipofika darajani, akaniuliza kama nimekula kitu tangu asubuhi. Ndivyo alivyo. Amepoteza yeye, anauliza tumbo langu.

Ningependa kuishia hapo, lakini yaliyofuata ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Jumapili tulikula kwa baba mkwe, na baba mdogo Wattie alialikwa. Ilikuwa supu, kisha nyama ya kusaga na viazi vya kuponda. Baba mkwe alikuwa na karatasi. Tangu Ijumaa alikuwa akiandika majina ya ndugu na marafiki wote, akiweka alama kwa aliyemwamini na kuulizia asiyemwamini. Alisema kura moja tu, kura moja nzima ya namba moja, ingetosha, na huyo mtu hayuko mbali. Kisha akamtazama baba mdogo Wattie, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Unajua mambo ya zamani ya baba mdogo na Nan. Mji mzima unajua alimchumbia akakataliwa, na kwamba mpaka leo Nan humtengea bakuli la kastadi kila Ijumaa. Baba mkwe akamwambia, Affleck, umetuuza kwa bakuli la kastadi. Mama mkwe akasema, Dougal, nyamaza, supu inapoa, na supu ilikuwa imekwisha kuliwa. Nilidhani baba mdogo atamjibu, maana ulimi wake unaujua. Badala yake alikunja kitambaa chake, akamshukuru mama mkwe kwa chakula, akavaa kofia, akatoka. Struan alikuwa ameinamisha kichwa. Jioni aliniambia hamlaumu, lakini angependa kujua tu, kwa sababu hawezi kumtazama mzee usoni bila kujua.

Tangu Jumapili baba mdogo hajaja kwetu. Mwuza nyama humwuliza kama anataka kastadi na nyama yake. Jana nilipita nikamkuta amekaa nje na mbwa. Huyu ndiye aliyetulea sisi wawili, Ishbel, aliyejifunza kusuka nywele kwenye mkia wa farasi ili atusuke sisi asubuhi kabla ya shule.

Sasa nisome polepole, na usimsomee Callum.

Siku moja kabla ya kura, Nan alikuja mlangoni kwetu na chupa ya jamu. Struan alikuwa kazini. Aliniambia, mwanangu, mumeo ataingia hata akilala usingizi, lakini mimi kikongwe nitaaibika, watasoma jina langu na sifuri. Nipe moja yako, yeye mpe mbili, hatapungukiwa. Nikakumbuka yule mwalimu kwenye redio aliyesema kura haipotei, inapitishwa kwa anayefuata. Nikaona hivi: Nan hataingia, nitamwondolea aibu, kisha kura yangu itatembea kwa miguu yake hadi kwa Struan, nzima. Nilijiona mwenye moyo mwema na mwenye akili pia. Nikaingia pale ukumbini, nikashika ile penseli, nikaandika moja kwa Nan na mbili kwa mume wangu. Wiki tano za ndoa.

Inaonekana watu wengi sana wa Strathluine walikuwa na moyo mwema na akili kama mimi.

Nan akaingia juu ya wote, na kwa kuwa aliingia, kura yangu haikupita nzima. Jirani alinifanyia hesabu nyuma ya bahasha, nami nikajifanya nauliza tu. Kila kura ya Nan ilimfikia Struan ikiwa na thamani ya nukta moja mbili na kitu, yaani karibu sehemu moja ya nane. Hicho ndicho nilichompa mume wangu. Mimi ninayenusa mbao zake, ninayemwambia kila asubuhi kwamba mimi wake mzima, nilipopewa penseli nilimpa sehemu moja ya nane. Nimejaribu kuelewa zile saba nyingine ziko wapi na siwezi.

Baba mdogo Wattie anajua. Ndiye aliyenirudisha kwa gari Alhamisi, na nilimweleza njiani nikicheka, nikingoja anisifu. Hakunisifu. Aliniambia yeye amempa Struan moja, kwa ajili yangu, na ilimwuma mkono kuiandika. Jana hapo nje nikamwambia nitasema. Akasema nisiseme. Eti yeye ameshazoea kuchekwa kwa ajili ya Nan, miaka thelathini, wiki moja zaidi haitamwua, lakini nyumba ya wiki sita haijakauka rangi.

Dada, nilianza barua hii asubuhi nikikusudia kukuuliza nifanye nini. Kisha nikaona jibu lako litanifikia baba mdogo akiwa bado amekaa pale nje peke yake na mbwa. Nikaiacha hapo mezani, nikaenda karakana.

Struan alikuwa akipiga randa mlango wa mtu. Nilisema yote kwa pumzi moja, jamu, redio, penseli, mpaka baba mdogo. Alisimamisha randa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ule mlango, kwenda na kurudi, mpaka nikadhani nimeolewa na kuachwa ndani ya mwaka mmoja. Kisha akauliza mbili nilimpa nani. Nikamwambia, wewe. Akauliza na tatu. Nikamwambia sikuandika tatu. Akauliza kwa nini, na watu walikuwa wanne. Nikamwambia ukweli, kwamba baada ya kuandika jina lake sikuona kwenye ile karatasi mtu mwingine wa kumwandika.

Hakucheka, dada, wala hakunikumbatia. Alisema imemwuma, na itaendelea kumwuma kwa siku kadhaa, na nisimpikie kitu kizuri leo kwa sababu atajua ni cha nini. Akapangusa mikono. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema kwanza kwa baba yake, akachukue ile karatasi ya majina, kisha kwa baba mdogo Wattie, maana kuna mzee aliyempa kura nzima na hakuna aliyemshukuru.

Saa mbili zimepita. Nilikuwa nikikuandikia huku nikitazama barabara, na sasa hivi gari bovu la baba mdogo limepinda kona. Ndani naona vichwa viwili na cha mbwa. Sioni nyuso, na sijui wanakuja na hali gani, lakini nimeweka maji ya chai, nami sasa nakaanga mkate upande mmoja kwa sababu ndio uliopo.

Nisalimie Callum na masikio yake, nibusie watoto, na goti usilipe kazi ya bustani kabla halijawa tayari. Nan anakusalimu, anasema bwawa halitafungwa akiwa hai. Barua hii nitampa Struan mwenyewe aiposti kesho, maana ameshaambiwa yaliyomo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, mzima bila kugawanywa,

Morven Weir